Muvi ya Maafa Isiyo na Helikopta

Wadau, ukitaja muvi ya maafa, wengi wanawaza San Andreas ya 2015. Ardhi inapasuka, maghorofa ya Marekani yanaporomoka, The Rock anarusha helikopta kwenda kuokoa familia yake. Banda zima linapiga makofi maana steringi hafi. Mimi pia naipenda, ila ikiisha nalala fresh tu.

Iliyoninyima usingizi ni The Boy Who Harnessed the Wind ya 2019. Chiwetel Ejiofor kaiongoza na baba kamcheza yeye mwenyewe. Ni kisa cha kweli cha William Kamkwamba wa Malawi, na njaa ya mwaka 2001 hadi 2002. Hamna wimbi wala tetemeko. Jua linakaza, ghala linaisha, familia inabaki na mlo mmoja kwa siku.

Mtu wa Simiyu hahitaji mkalimani hapo. Pamba tunalima, lakini hailiwi. Mtama ukikauka shambani, mnahesabu michembe iliyobaki kwenye gunia. Ng'ombe kakonda, ukimpeleka mnadani bei imeshuka kwa sababu kila mtu kaleta wake, na mahindi nayo yamepanda. Kuna baba mmoja hapa Bariadi, jina naweka kapuni. Mwaka wa ukame, kila chakula kikitengwa alikuwa anasema ameshakula kwa rafiki yake. Watoto waliamini. Mkewe hakuamini, ila alinyamaza. Hiyo sehemu The Rock hajawahi kuicheza.

Sasa kwenye muvi, William anaomba baiskeli ya baba yake aikate, atengeneze kinu cha upepo cha kuvuta maji. Mzee anawaka kweli kweli. Niliocheki nao walimwona mnoko. Jamani, huku Usukumani baiskeli inabeba maji, inabeba mkaa, inampeleka mgonjwa hospitali. Kuikata ni kukabidhi kitu cha mwisho ulichobaki nacho, kwa mtoto ambaye hata ada ya shule imekushinda kumlipia.

Na mwisho anaitoa. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Kwangu mimi ushujaa wa baba ni huo: hana kitu, ana njaa, na bado anamwamini mwanaye.

Haya, nawe ungekuwa yule mzee, baiskeli ungetoa? Shusha komenti, tusidanganyane.