Mlolongo, Siri na Sajili: Haki Katika Mchujo wa Vyama

Katika matumizi ya kawaida, mlolongo ni safu ya watu au vitu vinavyofuatana. Kwa Mkenya aliyekuwa mtu mzima mwaka 1988, hata hivyo, neno hilo lina maana nyingine isiyohitaji ufafanuzi: lilikuwa namna ya kupiga kura. KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria wakati huo, kilikuwa kimeamua mwaka 1986 kwamba wanachama wake wawateue wagombea ubunge kwa kupanga foleni nyuma ya mawakala waliobeba picha za wagombea hao. Februari 1988 utaratibu huo ukatekelezwa.

Watetezi wake walikuwa na hoja ambazo si haki kuzipuuza. Foleni haihitaji karatasi wala masanduku, na asiyejua kusoma huyaona matokeo kwa macho yake. Wizi ungefanyikaje mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima? Ulifanyika. Kuna mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu, na watu wakatawanyika. Foleni ikishavunjika, hakuna sanduku la kufunguliwa ili kura zihesabiwe upya. Isitoshe, aliyepata asilimia 70 au zaidi alihesabiwa kuwa mbunge bila kupingwa, kwa hivyo kura ya siri ya mwezi Machi haikumgusa kamwe.

Dhuluma iliyo kubwa zaidi ilikuwa ya kimya. Mwalimu alisimama foleni machoni pa chifu. Kibarua machoni pa mwajiri. Mdeni machoni pa anayemdai. Kura ilikoma kuwa kauli ya dhamiri, ikawa ushahidi wa utiifu. Viongozi wa makanisa waliliona hilo mapema: mchungaji angesimamaje nyuma ya mgombea mmoja bila kuligawa kundi lake? KANU ikauacha mlolongo Desemba 1990.

Siri peke yake, hata hivyo, haitoshi. Mchujo ulio wazi kwa kila mwenye kitambulisho humpa mfuasi wa chama pinzani nafasi ya kuwachagulia majirani zake mgombea dhaifu. Chama kisichojua idadi ya wanachama wake hakijui hata kichapishe karatasi ngapi. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2022 yalitambua njia mbili: kura ya wanachama walioandikishwa, na kura ya wajumbe. Njia ya wajumbe ni nafuu, bila shaka. Ni nafuu pia kwa mgombea mwenye bahasha, maana wajumbe ni wachache na majina yao yanajulikana. Ya wanachama ndiyo yenye haki zaidi, mradi sajili iwe ya kweli. Na sajili zenyewe? Juni 2021, Wakenya wengi walipochungulia rekodi zao mtandaoni, walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo.