Kadi za Idi Mtaani Mkomani

Mgeni atokaye Mokowe kwa boti huuona mji wa Lamu kwa uso wake wa baharini, naye aghalabu hudhani ameshauona. Mji wenyewe uko nyuma ya uso huo. Ingia Mkomani, mtaa wa majumba ya mawe, ukabanwe na vichochoro mpaka, ukikutana na punda mwenye shehena ya mchanga, ikubidi ujibanze katika daka la watu. Hapo ndipo utakapoitazama vyema milango ya nakshi, ambayo ni miongoni mwa sifa za mji huu uliotiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001.

Katika siku za mwisho za Shaaban, mwenyeji wangu alinipeleka kwenye nyumba mojawapo. Alipiga hodi, tukaitikiwa, tukapita daka na kuingia kiwandani. Na watu wa Lamu wasemapo kiwanda hukusudia ua wa ndani ulio wazi juu. Mama mwenye nyumba, binti zake na majirani wawili walikuwa mkekani wakitengeneza kadi za Idi. Walianza mapema kwa kuwa kadi nyingi huenda kwa jamaa walio Saudia, Oman na Qatar. Tena kazi yao hutumia asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo harufu yake kali mwenye saumu hana haja nayo. Huifanyia uani penye upepo, mbali na jiko.

Picha hutolewa dukani kwa mashine ya wino wa unga. Ya wino wa maji haifai kwa kazi hii. Hulazwa kifudifudi juu ya karatasi ya manila, ikapanguswa mgongoni kwa pamba yenye asetoni, kisha ikasuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Ncha moja huinuliwa kuchungulia; ikiwa haijashika, hurudishwa. Ikishika, picha huhamia kwenye kadi ikiwa imefifia pembeni, mfano wa ukuta wa chokaa ulioliwa na chumvi. Kwangu mimi kufifia huko ndio uzuri wake.

Lakini huhama imegeuka, kulia kukawa kushoto. Kwa hiyo mwenye duka huombwa aigeuze kwanza, kama ionekanavyo kiooni. Muhuri nao una sharti hilo hilo. Binti mdogo alikuwa akichonga «Id Mubarak» kwa herufi za Kiarabu juu ya raba ya shule, ain ikianzia kushoto na kaf ikiishia kulia, mkono wake umetulia kabisa. Muhuri wa kiazi hunywea kwa siku moja au mbili. Wa raba hukaa miaka. Maua ya pembezoni ameyaiga kutoka misahafu ya Siyu, iliyonakiliwa kwa mkono kisiwani Pate zama za kale. Na bibi zetu walivaa nguo zilizopigwa chapa kwa vibao vya mbao, basi ufundi huu si mgeni kwetu.

Waliniuliza kuhusu kuandika aya. Nikawaambia kadi nyingi mwisho wake ni jaani. Aya zibaki msahafuni, na salamu zitatosha.

Binti mkubwa alikuwa na picha moja tu, ya mlango wa nyumba ya marehemu babu yao, iliyouzwa kwa mgeni ili warithi wagawane. Kaka yake aliye Doha hakuridhia, na tangu hapo simu zake ni chache.

“Sheikh, nikimpelekea huu nitamfurahisha au nitamtonesha?”

“Idi si siku ya kufukua makaburi,” mama yake akadakia.

Nilimwomba mama radhi, kisha nikamwambia binti: “Mpelekee, mwanangu. Lakini ndani mjaze habari za watu: nani amezaa, nani mgonjwa, nani humuulizia.”

Mama hakujibu. Alimsogezea bintiye pamba na chupa. Kadi ilipoinuliwa, kizingiti kilikuwa kimetoka chote, nakshi na maua yake, ila mfaa wa katikati ulishika nusu tu. Binti akachukua kalamu ya wino mweusi, akauchora uliobakia bila ya kuitazama picha.