Fundi rangi ni ndugu yetu, ndiyo maana tumlipe kama fundi

Leo tunaongea jambo ambalo wengine wataliona dogo: kupaka rangi ndani ya nyumba, na namna ya kumpa fundi hiyo kazi. Sisi tunaojitolea tunatembea nyumba kwa nyumba, na kesi za rangi tunazikuta nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Mwenye nyumba amekusanya pesa miezi sita. Fundi ana watoto wanaomngoja jioni. Na mara nyingi wote wawili wanatoka kijiji kimoja kule Kivu. Kazi ikiharibika, mtu anapoteza pesa na ndugu siku moja.

Kwanza tujibu lile swali ambalo kila mtu anauliza: nyumba ya kambini, ya nini kuipaka rangi? "Mimi niko hapa kwa muda tu." Tunaelewa. Lakini makazi haya ya Nakivale yapo tangu mwisho wa miaka ya 1950. Kuna watu wamezaliwa hapa, wameoa hapa, na wajukuu wao wanasoma hapa. Anayengoja safari au kurudi nyumbani bado analala ndani ya nyumba kila usiku, na mtoto wake anasoma kwa taa ndogo ya sola. Ukuta mweusi wa udongo unameza mwanga. Ukuta mweupe unaurudisha, taa ileile inamtosha mtoto kuona daftari. Tena ukuta uliozibwa nyufa unapunguza maficho ya kunguni. Na mama anayeshona au anayesuka nywele chumba cha mbele anajua wateja wanaangalia ukuta kabla ya kuangalia kazi yake. Kwa hiyo siyo majivuno.

Sasa tuje kwa fundi. Fundi wa kweli utamjua kwa kitu anachofanya kabla ya kutaja bei. Anagusa ukuta. Anapitisha kiganja aone kama vumbi linatoka. Anainama chini, pale ukuta unapokutana na sakafu, aone kama kuna unyevu. Anaangalia juu kwenye mabati kama kuna sehemu inavuja. Yule anayesimama mlangoni, akazungusha macho mara moja na kusema "nipe kitu fulani nimalize leo", huyo anauza haraka yake.

Kwa nini unyevu? Kwa sababu nyumba zetu nyingi ni za matofali ya udongo yasiyochomwa, hazina msingi mrefu, na maji ya ardhini yanapanda ndani ya ukuta. Ukipaka rangi nzito ya mafuta juu ya udongo wenye maji, maji yanatafuta njia ya kutoka, na rangi inabanduka kama ngozi. Kwa ukuta wa namna hiyo chokaa inafaa zaidi. Inaruhusu ukuta kupumua, ni nyeupe, na bei yake iko chini. Ila chokaa inaunguza macho na ngozi, fundi avae glavu na watoto wakae mbali. Rangi ya maji ya dukani inakubali vizuri ukuta uliopigwa plasta ya saruji, na plasta hiyo ikiwa mpya inahitaji kama wiki nne ikauke kabla ya kupakwa. Fundi akikuambia "plasta ya juzi tunaipaka kesho", mwambie arudi mwezi ujao. Na kama unaweza, subiri miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, kuliko kupaka katikati ya mvua.

Swali la pili la kumuuliza fundi: rangi lita ngapi? Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa, kumbe hesabu yake ni ya shule ya msingi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2 na nusu. Kuta zote nne ukizizunguka ni mita 14. Zidisha kwa kimo, unapata mita za mraba 35. Toa mlango na dirisha, kama mita 3, inabaki 32. Kupaka mara mbili ni 64. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inafika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Ukuta wetu wenye mikwaruzo unakunywa zaidi, weka 6 au 7. Kwa hiyo fundi akisema lita 9 mpaka 11, anasema kweli. Akisema ndoo ya lita 20, muulize nusu nyingine inaenda kupaka nyumba ya nani. Na akisema lita 4 zinatosha, ujue atazijaza maji.

Nendeni dukani pamoja, wewe na fundi. Nunueni makopo yaliyofungwa, na makopo matupu ubaki nayo wewe. Hiyo siyo kumdharau fundi. Inamlinda na yeye pia, maana rangi ikififia hakuna atakayesema aliuza nusu yake.

Mkiwa dukani, kuna jambo moja tunaomba mlisikilize vizuri, hasa wenye watoto wadogo. Rangi nyingine zinatengenezwa na madini ya risasi, zaidi zile za mafuta zenye kung'aa, kama za njano na nyekundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mwili wa mtoto. Inaharibu ubongo wake, anakuwa mzito darasani, na kilichoharibika hakirudi. Umoja wa Mataifa unashauri nchi zisiruhusu rangi yenye risasi zaidi ya sehemu 90 kwa milioni. Kwa hiyo tafuteni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi, na lisilo na maandishi yoyote liacheni dukani hata kama bei inavutia. Tena kama ukuta au mlango una rangi ya zamani, fundi asiikwangue kavu. Ailoweshe kwanza, atumie msasa wa maji, na vumbi lake likusanywe na kutupwa mbali na watoto na kuku. Tulikimbia risasi za bunduki, tusije kuzipaka ukutani wenyewe.

Sasa tuje kwenye mapatano, pale ambapo undugu unajaribiwa.

Kuna mama mmoja wa jirani, mjane, anashona nguo chumba cha mbele. Alimwita kijana wa kwao, fundi mzuri kabisa, aliyejifunza kazi kwa baba yake Bukavu. Mama akasema, "Fundi, uko mutoto wa kwetu, utanipunguzia." Fundi akasema, "Mama, hakuna shida." Basi. Bei haikutajwa, siku hazikutajwa, rangi ngapi hazikutajwa. Kijana akafanya kazi siku tatu. Akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka mara mbili. Siku ya tatu jioni mama akamwekea bugali na sombe, sahani imejaa mpaka juu, akamshukuru kwa moyo wote, na akampa pesa kidogo ya sabuni. Kwa mama, hiyo ilikuwa heshima ya mtoto wa nyumbani. Kwa kijana, zilikuwa siku tatu zilizopotea na kodi ya ngazi aliyokuwa ameiazima. Hakusema kitu. Alikula, akaaga. Lakini tangu siku ile akipita pale anapitia njia ya nyuma, na mama anauliza watu, "Huyu mutoto nilimukosea nini?"

Tulipokaa nao wote wawili chini ya mti, hakuna aliyedanganya. Mama alisema alichoelewa, kijana alisema alichoelewa. Neno "utanipunguzia" lilikuwa na maana mbili, na kila mmoja alichukua yake. Wazee waliokuwepo walikumbusha kwamba undugu ni kufaana, si kufanana. Mama alimfaa kijana kwa chakula, ni kweli. Lakini kijana alihitaji kufaa watoto wake pia, na sombe ya mama haikufika kwao. Mwishowe walikubaliana mama amlipe kidogo kidogo kila akiuza nguo, na kijana akakubali kumsubiri. Amelipwa nusu mpaka sasa. Ile njia ya nyuma ameiacha.

Kutoka kesi kama hizo, sisi tunashauri karatasi moja ya daftari. Siyo mkataba wa wakili. Andikeni chumba kipi kinapakwa, na kama mlango na dirisha viko ndani ya bei. Andikeni rangi gani, mara ngapi, na kama kuziba nyufa na kupiga msasa ni kazi ya fundi. Andikeni nani ananunua vifaa, nani anatoa ngazi, chakula cha mchana kiko au hakiko. Siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Kisha bei, kwa namba na kwa maneno. Wote wawili waweke sahihi au dole gumba, na jirani mmoja awe shahidi. Kama mwenye nyumba hasomi, asomewe kwa sauti kwa lugha yake.

Malipo yagawanywe mara tatu. Tuseme, kwa mfano tu, kazi ya mikono mmepatana shilingi 90,000. Toa 30,000 siku ya kuanza, fundi aweze kula na kuacha kitu nyumbani. Toa 30,000 baada ya mkono wa kwanza kukauka na wewe kuuangalia mchana, siyo kwa tochi. Ya mwisho 30,000 toa kazi ikiisha, siku ileile, bila "pita kesho". Mwenye kulipa yote mwanzoni anamweka fundi kwenye jaribu. Na fundi anayekubali kulipwa yote mwishoni anajiweka yeye mwenyewe mikononi mwa mtu ambaye huenda mgao wake umepunguzwa wiki hiyohiyo.

Unataka kumpunguzia ndugu? Vizuri sana, ndivyo tulivyolelewa. Lakini andika bei kamili kwanza, halafu andika umepunguza kiasi gani. Hapo mwenye nyumba anaona amepewa zawadi ya ukubwa gani, na fundi hatoi kitu ambacho hakukusudia kutoa.

Na nyinyi mafundi, kuna la kwenu. Ukipokea kazi mbili siku moja, utaharibu zote mbili. Usimwachie mama wa watu vitanda nje wiki nzima. Funika vyombo vyake, futa matone sakafuni, na rudi baada ya mvua ya kwanza kuangalia ukuta wako. Hiyo ziara haina malipo, lakini inaleta kazi tatu.

Wandugu wa mashirika, na nyinyi tunawaomba mtusikilize. Uganda inatupa ruhusa ya kufanya kazi, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inasema hivyo. Kwa hiyo ukuta wa ofisi au wa darasa ukihitaji kupakwa, tafuteni kwanza fundi aliye hapahapa makazini, mmpe kazi kwa bei ya kazi. Kumwita "mshiriki", mkamlipa soda na nauli kwa siku tano za kupanda ngazi, ni ileile sahani ya sombe, tofauti ni kwamba nyinyi mna bajeti. Na wengi wao hawana cheti, walijifunza kwa baba na kwa wajomba. Nchi hii ina utaratibu wa kumpima fundi kwa vitendo na kumpa hati, ile inayoitwa Worker's PAS, hata kama hakukaa chuoni. Kumlipia kijana ada ya kupimwa kunaweza kumsaidia kuliko semina nyingine ya siku mbili.

Vijana wenzetu, hivi vitu havihitaji mradi wala mfadhili. Vinahitaji daftari, kalamu, na ujasiri wa kutaja bei mbele ya mtu unayempenda. Huo wa mwisho ndio mgumu. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kuongea pesa na ndugu ni aibu. Lakini tumeona aibu kubwa zaidi, ya watu wa kijiji kimoja kukwepana kwenye foleni ya maji kwa sababu ya ukuta.

Ukiwa na chumba cha kupaka, kipime leo. Urefu, upana, kimo. Andika namba, halafu ndipo umwite fundi.