Kanda za Marehemu Baba

Marehemu baba yangu, Allah amrehemu, alituachia kanda saba za darsa alizotoa hapa Kiriba baada ya Alasiri, miezi ya Ramadhani. Utepe ulikwisha kulegea, sauti ikipanda na kushuka kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi. Nikazipeleka Musoma mjini kwa binamu yangu, mwenye mashine ya kurekodia CD isiyohitaji kompyuta.

Kazi hiyo haina haraka: kanda ya dakika 90 husikilizwa dakika 90. Kilichokwisha kuandikwa katika CD ya kawaida hakifutiki, na usipoifunga mwishoni, deki nyingine haitaisoma. Sauti nayo isizidi kipimo; kanda huvumilia kidogo, mashine hii huipasua.

Ila CD huchukua dakika 80. Binamu akashauri tukate kumi za mwisho. “Kaka, hizo si darsa, ni maswali tu ya kina mama.”

Nikamwomba tuzisikilize kwanza. Akasikika mama, nyuma ya pazia, akiuliza iwapo mwanamke anyonyeshaye ana ruhusa ya kula mchana. Baba akanyamaza kidogo, kisha akamjibu kwa adabu, akimwita “Bibi,” kama asiyemjua. Kichanga kilichokuwa kikilia karibu na kinasa sauti kilikuwa mimi. Mwaka ulioandikwa juu ya kanda ndio niliozaliwa.

Binamu hakusema tena habari ya kukata. Tukatumia CD mbili kwa kila kanda, na ile ya pili karibu yote ni tupu.