Tundu kwenye pafu la bi harusi wetu

Sisi ni mafundi cherehani, ndugu wawili tuliozaliwa Unguja, na duka letu lipo Nyakanazi, Biharamulo, njia panda ya malori ya Rusumo, Kigoma na Kahama. Tunashona shela na magauni ya harusi. Wengi hutuuliza tumefikaje huku, riziki tu.

Mwaka jana tulipokea kazi ya bi harusi wa hapa hapa. Tulipokuwa tunampima kifua alikohoa kidogo, akacheka, akasema ni vumbi la malori. Siku ya tatu akaja mama mkwe mtarajiwa, peke yake: tusikate kitambaa kwanza. Binti kapigwa eksirei katika kituo kimoja (hatukitaji), kaambiwa ana tundu juu ya pafu la kulia, basi ni kifua kikuu. Posa ilikuwa inataka kurudishwa.

Kumbe aliwahi kuugua akiwa kidato cha pili. Alimeza dawa miezi 6 bila kuruka siku, akapona. Tundu ndilo lililobaki.

Tukisema kweli, siku alipokuja kutusimulia, mmoja wetu alijifunika pua kwa mtandio akijidai anakwepa vumbi. Aliona. Astaghfirullah.

Tulimsindikiza hadi Bugando, Mwanza, akapigwa siti skani. Daktari wa picha alitueleza kwa subira, na kwa ufundi wetu tulimwelewa upesi. Hewa katika picha huwa nyeusi, kwa hiyo tundu huonekana kama duara jeusi. Kinachotazamwa ni ukingo wake, kama sisi tunavyotazama pindo la tundu la kifungo. Ukingo mwembamba, usiozidi milimita 4, mara nyingi hauna ubaya. Ukingo mnene wenye kukwaruza, hasa ukipita milimita 15, huwafanya wafikirie saratani. Ukiona ndani maji yaliyolala sawasawa kama kwenye glasi, huenda ni jipu. Wavutaji sigara wa miaka mingi nao hupata malengelenge ya hewa, ukingo wake hata hauonekani vizuri.

Kifua kikuu hupenda sehemu ya juu ya pafu. Kikiwa hai, ukingo wa tundu huwa mnene na pembeni kuna madoa madoa. Kikiisha, tundu laweza kubaki maisha yote kama kovu. Kovu hilo nalo si la kudharau, maana kuvu huweza kuota humo kama donge, mtu akaanza kukohoa damu.

La bi harusi wetu lilikuwa na ukingo mwembamba, ndani tupu, bila madoa. Mama yake alikuwa ameitunza picha ya miaka ile chini ya godoro. Wakazilinganisha: tundu lile lile, ukubwa ule ule. Dada zetu, msitupe picha zenu za zamani! Ile iliyolaliwa miaka yote ndiyo iliyomtetea.

Hata hivyo daktari hakutaka kuapa kwa picha. Alitaka makohozi. Mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa 2 hivi, ila kwa aliyewahi kuugua huweza kuokota mabaki ya vijidudu vilivyokufa, kwa hiyo yakaoteshwa pia, tukasubiri wiki 6. (Ukikohoa zaidi ya wiki 2, nenda ukapimwe makohozi, kwenye vituo vya serikali kipimo na dawa za kifua kikuu ni bure.)

Wiki 6 za bi harusi ni ndefu. Bwana harusi alipiga simu kila baada ya Isha. Mama yake hakupiga.

Hakikuota kitu, alhamdulillah. Kikohozi kilikuwa vumbi kweli. Mama mkwe alirudi dukani, akakaa kimya kwenye kiti cha wateja, mwishowe akauliza lesi ni shilingi ngapi mita.

Kitambaa tulikikata Jumatatu. Ilibidi tumpime upya, maana kiuno kilikuwa kimepungua inchi 2.