Siku Nne Mjini Berlin

Katika likizo ya Desemba mwaka 2024 nilipata bahati ambayo wengi katika shule yetu hawajaipata. Mama yangu mdogo ni muuguzi katika mji wa Hannover, nchi ya Ujerumani, naye alinialika nikae kwake majuma matatu. Katika majuma hayo alipata mapumziko ya siku nne kazini, akaniambia, "Mwanangu, huwezi kurudi Lindi bila kuuona mji mkuu wa nchi hii." Basi siku ya Alhamisi tukapanda treni, na kabla ya saa mbili kwisha tulikuwa tumefika Berlin. Wenzangu wameniomba niandike niliyoyaona, niliyoyala na niliyoyanunua. Nimekubali, ila mwisho wa habari hii ninataka tuzungumze jambo moja linalotuhusu sote.

Kitu cha kwanza kunishangaza Berlin kilikuwa giza. Saa kumi alasiri jua lilikwisha kutua, na taa za barabarani zikawa zinawaka kana kwamba ni usiku wa manane. Baridi nayo ilikuwa kali, hata nikavaa soksi mbili na koti la mume wa mama mdogo lililonifika magotini. Watu wenyewe hawakuijali. Walikuwa wakitembea upesi upesi, na wengine wanaendesha baiskeli kama sisi tunavyoendesha wakati wa jua.

Jambo la pili ni treni zao. Vituoni hapana mlango wala mtu wa kukuzuia. Unanunua tikiti katika mashine, unaipiga muhuri mwenyewe, kisha unapanda. Nikamwuliza mama mdogo, "Je, asiyenunua?" Akanieleza kwamba wakaguzi hupita ndani ya treni wamevaa nguo za kawaida, na asiye na tikiti hutozwa euro 60. Wakati ule euro moja ilikuwa kama shilingi 2,500. Nilipiga hesabu, nikaishika tikiti yangu kwa mikono miwili mpaka tuliposhuka.

Siku hiyo ya kwanza tulikwenda kuliona Lango la Brandenburg. Lilijengwa kati ya mwaka 1788 na 1791, nalo lina nguzo kubwa 12, na juu yake pana sanamu ya gari linalokokotwa na farasi wanne. Karibu na hapo ulipita ule Ukuta wa Berlin tuliousoma katika Historia, uliojengwa mwaka 1961 na kufunguliwa tarehe 9 Novemba 1989. Mahali ulipopita wametandika mawe mistari miwili chini barabarani. Niliweka mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, nikawaza kwamba zamani hatua hiyo moja ingeweza kumgharimu mtu maisha yake.

Kutoka langoni tulitembea kwa miguu mpaka barabara iitwayo Wilhelmstraße. Hapo palikuwa na jumba ambalo ndani yake mataifa ya Ulaya yalifanya mkutano wao juu ya Afrika, tangu Novemba 1884 hata Februari 1885. Jumba lenyewe halipo tena, kimebaki kibao cha kumbukumbu. Mwafrika hata mmoja hakuketi katika mkutano ule. Nilikisoma kibao kile kwa msaada wa mama mdogo huku theluji nyembamba ikituangukia, kisha tukaenda zetu kutafuta chakula.

Sasa niseme habari za kula na kununua, maana najua wa bweni letu wanaingojea sehemu hii. Chakula kinachopendwa sana Berlin ni soseji iliyokatwa vipande na kumwagiwa mchuzi wa nyanya wenye bizari. Nyingi huwa za nguruwe, kwa hiyo sisi tuliziacha. Tulikula kebabu ya Kituruki, yaani nyama inayozungushwa mbele ya moto, ikakatwa vipande vyembamba na kutiwa ndani ya mkate pamoja na kabichi na vitunguu. Waturuki walianza kuja kwa wingi baada ya nchi hizi mbili kupatana mwaka 1961 juu ya kuleta wafanya kazi, na leo chakula chao kimekuwa chakula cha kila Mjerumani. Kebabu moja ilikuwa euro 7. Kwa fedha hiyo Lindi mtu hula wali na samaki, akamwalika rafiki, na wote wawili wakapata chenji ya chai! Lakini sitasema uongo, ilikuwa tamu sana.

Ijumaa tuliingia duka kubwa mno liitwalo KaDeWe, lililofunguliwa mwaka 1907. Huko tulinunua kwa macho tu. Tulipokuwa na haja ya kununua kweli tulikwenda duka la kawaida la vyakula karibu na nyumba tuliyofikia. Hapo nilijifunza jambo zuri. Ukinunua maji ya chupa ya plastiki, mara nyingi unalipa senti 25 zaidi kwa ajili ya chupa, na ukiirudisha, mashine inaimeza na kukupa karatasi ya kudai senti zako. Nilikusanya chupa zote za nyumba ile nikapata euro 3 na nusu, nikanunulia kalamu za rangi za mdogo wangu.

Katika duka hilohilo nilikuta korosho. Zilikuwa katika pakiti ndogo nyeupe, zimekaangwa na kutiwa chumvi, pakiti ya gramu 200 ikiuzwa zaidi ya euro 3. Nikageuza pakiti kutafuta jina la nchi yetu. Palikuwa na jina la Vietnam. Baba yangu ni mkulima wa mikorosho, na kila mwaka ninaona magunia yetu yakipakiwa na maganda yake. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania huuzwa ghafi kwenda Vietnam na India, zikabanguliwa huko, kisha zikauzwa upya kwa bei ya juu. Huenda zile zilikuwa zetu, huenda hazikuwa. Nilinunua pakiti moja nikaila polepole, nikijaribu kuitambua kwa ulimi.

Siku ya tatu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Tulipanda treni ya chini ya ardhi tukashuka kituo kiitwacho Naturkundemuseum, karibu na Makumbusho ya Viumbe. Tulipoingia ukumbi mkubwa nilisimama nisiweze kuendelea. Chini ya paa la kioo amesimama mnyama wa mifupa mitupu, miguu yake kama nguzo za msikiti, na shingo imepanda juu hata nikaumwa na yangu kwa kumtazama. Kimo chake ni mita 13.27, naye hutajwa kuwa dinosaria mrefu kuliko wote waliosimamishwa katika majumba ya makumbusho duniani. Wataalamu humwita Giraffatitan. Aliishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Kwao ni Tendaguru, mkoani Lindi.

Wengi tunaijua habari hii kijuujuu, kwa hiyo nitaieleza. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja wa kampuni ya madini, jina lake Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa juu ya ardhi huko Tendaguru. Kutoka mwaka 1909 hata 1913 makumbusho ya Berlin ilituma wataalamu kwenda kuichimba, wa kwanza wakiwa Werner Janensch na Edwin Hennig. Lakini waliochimba kwa mikono walikuwa watu wa kwetu, na kwa wakati mmoja walifika kama 500. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Punda na ng'ombe hawakuweza kutumika kwa sababu ya ndorobo, basi mifupa ilichukuliwa na wapagazi kwa muda wa siku nne hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Yote pamoja ilikuwa kama tani 250. Tukumbuke pia kwamba Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, na nyuma yake njaa kubwa. Mikono iliyoshika majembe Tendaguru ilikuwa imetoka kuzika watu.

Bibi yangu mzaa baba alinieleza mambo haya kabla sijayasoma. Baba mkwe wake alikuwa mmoja wa wapagazi hao, naye alimsimulia kwamba aliifanya kazi ile apate fedha ya kodi. Siku ya kuniaga bibi alinishika mkono akasema, "Mume wangu, ukimkuta yule mnyama wa babu yako, msalimie. Mwambie waliomchukua mabegani hawakujua anapelekwa wapi."

Nilimweleza mama mdogo ujumbe huo mle ukumbini. Akacheka, akasema, "Basi mpe shikamoo kwanza. Mwenye miaka milioni 150 si rika lako." Nikatoa shikamoo kwa sauti ndogo, kisha nikasema maneno ya bibi yote. Mtoto mmoja wa Kijerumani alikuwa karibu, akanitazama, akamwuliza mama mdogo neno. Nikataka kujua amesemaje. Mama mdogo akajibu, "Anauliza kama unamjua." Nikasema, "Mwambie tunatoka mji mmoja."

Jioni tulipanda tena treni ileile tukaenda mbele mpaka kituo cha Afrikanische Straße. Mtaa huo una barabara zenye majina ya kwetu, kama Tanga na Zanzibar. Barabara moja ilikuwa ikiitwa Petersallee, jina la Carl Peters ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Tarehe 23 Agosti 2024 sehemu yake moja ilipewa jina jipya, nayo sasa ni Maji-Maji-Allee. Kibao kilikuwa bado king'avu. Nilipiga picha chini yake, na picha hiyo nimeileta shuleni. Kesho yake ilikuwa Jumapili, maduka karibu yote yamefungwa kwa sheria, tukarudi Hannover.

Nilipoyasimulia haya bwenini, mabishano yalidumu mpaka taa zikazimwa. Mmoja alisema mifupa irudi, kwani mali ya mtu ni mali yake hata ikikaa ugenini miaka mia. Mwingine akasema mifupa ile huvunjika upesi, nasi hatuna jumba la kuiweka. Jambo hili limewahi kuulizwa hata Bungeni. Mimi nimefikiri sana, na rai yangu ni hii: kukosa jumba si hoja ya kunyimwa, bali ni sababu ya kujenga. Lindi ingekuwa na jumba lake, na vijana wetu wakasomeshwa elimu ya miamba na mifupa ya kale, mazungumzo na Berlin yangekuwa ya watu wawili wanaojua bei ya kitu. Ndivyo ilivyo kwa korosho pia. Asiyeweza kubangua hupokea bei anayopangiwa.

Lakini lipo jambo ambalo halimngoji Mjerumani wala Serikali. Tendaguru ni kama kilometa 60 tu kutoka Lindi mjini, na katika darasa letu hapana aliyefika. Ninamwomba Mwalimu Mkuu aturuhusu kwenda muhula huu, nasi tuko tayari kuchanga nauli. Tena majina ya wapagazi walio wengi hayamo vitabuni, ila huenda yamo katika vichwa vya wazee wetu. Bibi yangu ana miaka 79, na nimekwisha kuandika anayoyakumbuka, kurasa 11. Wazazi mnaosoma gazeti hili, kama nyumbani kwenu yuko aliyesikia habari za Tendaguru, mwulizeni sasa, mkatuletee. Daftari liko kwa mwalimu wa Historia.

Kidato cha IV