Kadi Imejaa, Lakini Maji Taka Yamesema

Mama mmoja wa Eastleigh, Nairobi, alikuwa na kadi ya kliniki isiyo na pengo hata moja. Kila tarehe aliyopewa alimfikisha mwanawe, mvua inyeshe ama jua liwake. Ndiyo sababu Mei 2018, wahudumu wa afya walipobisha na kijisanduku chao cha barafu, alisimama mlangoni na kuwaonyesha kadi.

“Wangu amemaliza matone yote. Kwani kuna mtoto aliyepooza hapa mtaani?”

Hakuna, wakamjibu. Polio imeonekana kwenye maji taka.

Mama alicheka, na nani asingecheka? Ni nani huyo ameketi kuchungulia uchafu wa watu?

Kumbe wapo, na kazi yao si ya jana. Mwaka 2013 maji taka ya Kamukunji hiyo hiyo yalikuwa yametoa virusi vya polio. Mhudumu hufika alfajiri, vyoo vinapotumika sana, akashusha ndoo kwa kamba ndani ya shimo la bomba. Huteka kama lita moja, ikawekwa kwenye barafu na kupelekwa maabara ya KEMRI. Sampuli iliyozua kampeni hii ilichotwa Machi 21.

“Sasa ni mtoto wa nani?” mama aliuliza. Mtaani hilo huwa ndilo swali la kwanza.

Bomba halina majina. Maji ya ploti hii na ile hukutana chini ya barabara, ya mwenye nyumba na ya mpangaji. Mtoto aliyeambukizwa hutoa virusi chooni kwa wiki kadhaa huku akicheza na kula vizuri. Kati ya watoto 200 walioambukizwa, takriban mmoja ndiye hupooza. Anayengoja kuona mguu uliolegea amechelewa sana, kwani mguu huo haurudi.

Mama alinyamaza kidogo, kisha akarudi kwenye kadi yake. Imejaa, si imejaa?

Hapo mhudumu mmoja, mwanamke wa makamo, aliketi kizingitini bila kualikwa. Alimweleza kwamba tangu Aprili 2016 matone ya kawaida ya kliniki hayana tena kinga ya polio aina ya pili, na iliyopatikana kwenye bomba ni aina hiyo. Mtoto aliyezaliwa baada ya hapo hutegemea sindano. Sindano humkinga asipooze, lakini haizuii vizuri virusi kukaa tumboni mwake na kupita kwa wengine. Mama hakukosea popote. Kadi yake ilikuwa sawa.

Pengine mazungumzo yangeishia hapo. Lakini mama alikuwa amesikia jambo kwa jirani: kwamba virusi hivyo vilitokana na chanjo yenyewe. Alitarajia mhudumu akatae.

“Ni kweli, mama,” mhudumu alisema.

Virusi vya matone vimedhoofishwa. Vikipita mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, huzunguka muda mrefu kutoka mtoto hadi mtoto, vikabadilika na kupata nguvu tena. Hivi vya Eastleigh vilikuwa na undugu na vilivyoonekana Somalia. Palipo na watoto wengi waliochanjwa havipati njia.

Jibu hilo la ukweli ndilo lililomfungulia mlango. Kama angedanganywa kidogo tu, angeufunga, na nani angemlaumu?

Alimwamsha mtoto. Matone mawili, uso ukakunjwa, kisha wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mhudumu akaandika kwa chaki mlangoni.

Jioni baba watoto aliiona chaki akauliza ni nani amechafua mlango. Mama alimwonyesha kidole cha mtoto, kisha akamuuliza kama wale wa dada yake, ploti ya pili, walikuwa nyumbani mchana.